Ati "mtu amekuja na boda anataka kufunguliwa injini"?! Nakuru, leo mmenitambua

Mlala Lanet ameandika:

Wadau, naandika nikiwa kando ya barabara ya Njoro, vidole vinatetemeka. Makosa ya herufi mtanisamehe, ama msinisamehe, leo sijali.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa kiwanja cha changarawe, kofia ya ngozi jua likiwaka mvua ikinyesha, funguo rundo zima kiunoni na magari yenyewe ni manne. Simtaji jina kwa sababu ana mdomo na ana shemeji polisi. Hilo la shemeji hukwambia mwenyewe kabla hujauliza bei.

Nilienda kuangalia gari, Toyota Fielder. Nilimpigia simu mapema nikamwomba kitu kimoja tu: gari lisiwashwe kabla sijafika, fundi wangu anataka kulisikia likiamka baridi. "Hakuna shida mkubwa wangu, hata ufunguo sitaugusa." Tumefika, fundi ameweka kiganja juu ya boneti akakitoa mbio. Moto! Hapo ungekaanga mandazi ya watu wa harambee nzima. Namuuliza, ananiambia ni jua. Jua gani? Leo Menengai haikuonekana tangu asubuhi kwa mawingu, nimevaa sweta mbili!

Sawa, nikameza. Fundi akaomba afungue kifuniko cha oili aone kama kuna ule uji mweupe wa maji kuingia kwenye oili. Ameshika kifuniko, hajakizungusha hata robo, mzee anakuja mbio, anabamiza boneti PAA! Vidole vya fundi vimeponea chupuchupu. Halafu anawageukia watu walioketi kibandani anatangaza kwa sauti ya mnadani:

"Mtu amekuja na boda anataka kufunguliwa injini!"

Hebu nirudie, labda hamjanipata. MTU AMEKUJA NA BODA. ANATAKA KUFUNGULIWA INJINI.

Sasa nauliza jukwaa hili lenye wasomi: mtu anayeenda kununua gari afike na nini? Na gari? Ningekuwa na gari ningetafuta nini kwako na hiyo kofia?

Kibanda kizima kilicheka. Mama wa chapati alicheka mpaka moja ikaungua, na nina hakika ndiyo aliyomuuzia mteja aliyefuata. Yule boda aliyenileta alicheka amelalia tangi la pikipiki, na pesa yangu iko mfukoni mwake! Hao nawaachia Mungu. Lakini fundi wangu alicheka. FUNDI WANGU. Mtu nimemtoa Kaptembwa, nimemlipia nauli, nimemnunulia soda na ndazi mbili. Vidole vyake ndivyo vilikuwa vinakatwa na bado akacheka!

Sitaki hata kuongea juu ya gari. Sitaki kusema kwamba ufunguo ulipogeuzwa, taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka kabisa, na kila mtu anajua lazima iwake kwanza ndipo izimike. Hiyo mtu ameing'oa ama ameiziba. Sitaki kusema mita inasoma kilomita 61,000 na mpira wa pedeli ya breki umelika mpaka chuma kinang'aa. Labda lilikuwa linaendeshwa na tembo. Hayo nimeyaacha. Naongea juu ya boda.

Nakuru tulipewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Adabu ya wauza magari bado iko kwenye foleni pale Gilgil.

Niliondoka kwa miguu. Boda akanifuata polepole nyuma, "bosi panda, bosi si nilishalipwa." Sikupanda. Wangeniona nikipanda tena?

---

Kiatu Kimoja: Kwa hivyo ulikuja na boda.

Mlala Lanet: Soma uzi.

Kiatu Kimoja: Nimesoma wote. Ulikuja na boda.

Shosho wa Section 58: Ni yule wa kofia? Wueh! Huyo alimwambia mzee wangu kwamba moshi wa bluu ni gari "linapumua". Likapumua mpaka tukawa tunabeba galoni ya oili kwenye buti kila tukienda Naivasha. Tulipomrudia akauliza, "Kwani mlikuwa mnaendesha kila siku?"

Mlala Lanet: Asante mama. Unaona sasa? Huyo ndiye aliyeniambia mimi habari ya boda.

Spana Namba Kumi: Pole mkubwa. Mimi ni fundi, wacha niseme kidogo. Uji mweupe chini ya kifuniko peke yake si hukumu. Gari la safari fupifupi, nyumbani hadi sokoni, na hii baridi yetu, hukusanya unyevu pale juu na injini haipati joto la kuukausha. Vuta kijiti cha oili. Kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, hapo rudisha pesa mfukoni. Kisha fungua radieta, injini ikiwa BARIDI tafadhali, ikiwa moto itakumwagia maji usoni na utarudi hapa kufungua uzi mwingine. Tazama kama kuna mafuta yanayoelea. Washa, na ukiona mapovu yanapanda bila kuisha, gasketi ya silinda hedi imeaga. Na mtu anayepasha gari kabla hujafika ana kitu anaficha, maana kelele ya cheni na moshi wa kwanza huonekana baridi tu.

Mlala Lanet: Asante, lakini sijauliza gasketi. Nauliza nani alimpa ruhusa ya kutaja usafiri wangu mbele ya watu. Wewe kama fundi, ungecheka?

Spana Namba Kumi: Kidogo.

Kiatu Kimoja: 😂😂😂 Kidogo!

Omera wa Kondele: Nyinyi watu wa Nakuru mnalilia kuchekwa? Kuchekwa ni bure! Mimi nilinunua Nissan Note hapa Kisumu, safi, ndani inanukia limau mpaka unasikia njaa. Ikanyesha mara moja tu, limau ikaisha ikaja harufu ya tope. Nikainua kapeti chini ya kiti cha dereva: reli za kiti ni kutu tupu, udongo mkavu umejaa kwenye matundu ya bolti. Nikavuta mkanda wa kiti wote, mpaka ule mwisho ambao huwa hauvutwi. Huko kuna mstari wa maji, juu rangi moja, chini rangi nyingine. Hiyo gari iliogelea, omera. Kama ni mafuriko ya Nyando ama ni huko ilikotoka, mimi sijui, lakini ilizama na mtu akaipaka limau.

Mlala Lanet: Pole. Lakini kuna mtu alikucheka?

Omera wa Kondele: Mke wangu. Mpaka leo.

Dadake Probox: Kwenye huo mkanda pia kuna kitambulisho kimeshonwa chini kabisa, mara nyingi kina tarehe ya kutengenezwa. Gari ni la 2016, mkanda ni wa 2016, sawa. Mkanda ukiwa mpya kuliko gari, uliza ule wa kwanza ulikatika ukimshika nani. Mimi niliuliza, nikaambiwa "ule wa zamani ulikuwa na rangi mbaya."

Mwana wa Lurambi: Mmeongea mikanda, mmesahau tairi. Kakamega nimeuziwa "tairi mpya bosi, hata nywele ziko". Kweli nywele zilikuwa, na weusi wa kupakwa ukabaki mkononi mwangu siku nzima. Nikatafuta ile namba ya tarakimu nne ubavuni: 1214. Wiki ya kumi na mbili, mwaka wa 2014! Tairi imemaliza shule ya msingi ndiyo inaitwa mpya!

Kiatu Kimoja: Boda hana shida hiyo. Anabadilisha tairi kila wakati. Muulize mwenye uzi.

Mlala Lanet: Admini yuko wapi? Huyu jamaa ananiandama.

Karani Mstaafu: Vijana, mnaanza na injini kwa nini? Anzeni na karatasi. Ukipewa namba ya gari, kabla hujapanda hiyo boda yako, ingia eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, kwenye huduma za NTSA, wale wa usajili wa magari, ulipie utafutaji wa gari. Utaona mwenye gari ni nani, na kama kuna jina la benki limekaa pale kando ya lake, ujue mkopo haujaisha. Mpwa wangu alikataa kulipa hiyo ada ndogo. Okshonia walikuja kulichukua gari akiwa kwenye msafara wa harusi, limefungwa riboni na maua. Bibi harusi alimalizia safari kwenye matatu.

Shosho wa Section 58: Na gauni?

Karani Mstaafu: Na gauni, mama. Mstari wa nyuma, katikati.

Mlala Lanet: Turudi kwenye mada jamani. Alibamiza boneti PAA. Watu wote wakageuka. Akasema...

Dadake Probox: Tumeshajua alichosema. Karani, mchango wa harusi mlirudishiwa?

Mzalendo wa Kiamunyi: Shida yenu si wauzaji, ni mafundi wenu. Huyo aliyecheka anajuana na muuzaji, nawaambia. Wengi wanakula pande zote mbili: wewe unamlipa akague, yule anamlipa asione. Wangu alipiga gari mateke mawili ya tairi, akasikiliza injini kwa jicho moja, akasema "hii ni mashine". Giaboksi ilikufa nikipanda Mau Summit, usiku, malori yanapita kila upande, na yeye simu amezima.

Spana Namba Kumi: Kiongozi, usituweke wote kapu moja. Mimi nikikagua nachomeka kompyuta, nasoma makosa yote, na hata kama yamefutwa najua, kwa sababu gari likifutwa makosa jana linabaki halijamaliza kujipima lenyewe. Hiyo inaonekana kwenye mashine.

Mzalendo wa Kiamunyi: Na ungecheka?

Spana Namba Kumi: Nimesema kidogo.

Omera wa Kondele: Giaboksi ndiyo ugonjwa wenu wa huko juu. Sisi Kisumu hatuna milima, gari zinadumu.

Mzalendo wa Kiamunyi: Gari zenu zinadumu chini ya maji.

Omera wa Kondele: Njoo Kachok uniambie hayo ana kwa ana.

Mzalendo wa Kiamunyi: Nitakuja na nini? Giaboksi imekufa.

Mwana wa Lurambi: 😂 Njoo na boda.

Mlala Lanet: Hata wewe?

Mama Wa Pacha: Kuhusu mafundi niacheni niongee mimi. Nilipeleka gari kubadilishiwa bushi za mbele. Bushi! Nikarudi jioni, gari halipo. Napiga simu, anasema "nalijaribu barabarani, mama." Anajaribu, na nyuma yake nasikia mtu anauliza kama wanataka kachumbari. Lilirudi usiku, mafuta yamekwisha, kiti cha nyuma kina mfupa wa mbuzi.

Shosho wa Section 58: Kaa mbali na huyo! Wangu alifungua injini akafunga, halafu akanikabidhi kikombe kidogo cha nati. Ati "hizi zimebaki." Zimebaki kivipi? Gari lilitoka Japani na nati za ziada?

Karani Mstaafu: Mimi walinibadilishia betri. Niliacha mpya, nikachukua gari likawaka vizuri, asubuhi kimya. Kufungua, betri imeandikwa kwa rangi nyeupe "Mama Njeri Posho Mill".

Dadake Probox: Karani una mikosi, hebu ombewa.

Mlala Lanet: Kama kuna mtu bado anafuata uzi huu, gari bado liko pale kiwanjani na boneti imefungwa.

Mama Wa Pacha: Sawa. Sasa jamani, kwa uzito wote, nani anajua fundi wa sasupensheni asiyepeleka gari la mtu kula nyama? Upande huu wa Free Area hadi Pipeline. Mbele kunagonga nikipita matuta.

Mzalendo wa Kiamunyi: Kunagonga kulia ama kushoto? Ukikata kona ama ukinyoosha?

Mama Wa Pacha: Kushoto. Ukinyoosha. Kona ni kimya.

Spana Namba Kumi: Hiyo yaweza kuwa linki ya stebilaiza, si bushi. Ni ndogo hiyo, na bei yake haiumizi. Aliyekubadilishia bushi alitaka gari la kwendea choma.

Mama Wa Pacha: Ngai! Uko wapi wewe? Jumapili unafungua?

Spana Namba Kumi: Baada ya kanisa. Nunua spea mwenyewe, ulete na risiti, na ukae hapo kwenye benchi uangalie.

Shosho wa Section 58: Na uhesabu nati.