Naomba ushauri: kiwanja ni changu kwa hati, je, nahitaji kibali kukata miti na kufyeka?

Mwanakiwanja (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nimenunua kiwanja, hati inasoma jina langu, na nataka kuanza ujenzi. Sehemu kubwa ni kichaka na miti midogo midogo, ila kuna mti mmoja mkubwa sana karibu kabisa na pale ramani inapoweka jiko. Mikono yangu yote miwili haiuzunguki. Kwa nyuma ardhi inateremka hadi kwenye kijito. Halafu mpakani kuna mti wa jirani umeinamia kwangu, matawi yake yanakaribia waya wa umeme.

Aliyeniuzia alisema, "Chako ni chako, safisha utakavyo." Mwenye buldoza yuko tayari wiki ijayo na anasema kwa siku moja eneo lote litakuwa jeupe. Jirani ndiye aliyenishtua: amenisihi nisiguse kitu kabla sijafika halmashauri.

Kweli mtu anaomba ruhusa kukata mti ulio ndani ya ardhi yake? Na kama ni kweli, naanzia wapi? Sitaki kugombana na serikali wala na jirani kabla hata sijahamia.

AfisaMisituMstaafu

Mshukuru sana jirani yako. Hati inakuthibitishia umiliki wa ardhi, lakini haikupi moja kwa moja ruhusa ya kuondoa kila kilichoota juu yake. Sehemu nyingi duniani mamlaka za mitaa zina sheria ndogo zinazogusa miti iliyo kwenye ardhi binafsi, na zinatofautiana hata kati ya halmashauri mbili zinazopakana. Kwa hiyo usichukue jibu la mtu wa wilaya nyingine ukalifanya lako.

Kinachoangaliwa kwa kawaida ni ukubwa wa mti, aina yake, na mahali uliposimama. Singapore, kwa mfano, ndani ya maeneo ya kuhifadhi miti, na hata kwenye viwanja vitupu, mti wenye mzingo unaozidi mita 1, ukipimwa nusu mita kutoka ardhini, haukatwi bila idhini. Uingereza kuna amri za kulinda mti mmoja mmoja au kundi la miti chini ya sheria ya mipango miji ya mwaka 1990. Mti wenye amri hiyo haukatwi wala haupogolewi bila idhini ya halmashauri. Na hukohuko Uingereza, kama eneo limetangazwa kuwa la hifadhi ya mandhari, hata mti usio na amri yake, ilimradi shina limezidi kipenyo cha milimita 75, unautolea taarifa wiki 6 kabla ya kuugusa. Tanzania nako, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inampa waziri uwezo wa kutangaza aina fulani za miti kuwa za kulindwa. Kwa hiyo jambo la kwanza kwako ni kujua jina la mti wako. Mtu hawezi kukujibu sawasawa kuhusu "mti mkubwa".

Nenda ofisi ya misitu au mazingira ya halmashauri, uliza kama kuna sheria ndogo ya miti, na omba wakufanyie ukaguzi. Mkaguzi anayeijua kazi hamalizi kwa kuangalia juu tu. Anapitisha utepe kwenye shina, anagongagonga kwa nyundo ya mbao akisikiliza kama ndani kuna uwazi, anachungulia chini kwenye shingo ya mti kama kuna uyoga au udongo ulionyanyuka upande mmoja. Udongo ukipasuka upande ule ambao mti haukuinamia, hapo mizizi imeanza kuachia. Hayo ndiyo yanayompa sababu ya kuandika kwamba mti ni hatari au ni mzima. Neno lako peke yako halitoshi.

MjengoTu

Mkuu, usijichoshe. Wengi wanakata mwisho wa wiki, ofisi zimefungwa, Jumatatu mti haupo. Faini ikija unalipa unaendelea na mjengo.

MpimaRamani

MjengoTu, kwa heshima, ushauri huo unaweza kumgharimu mwenzetu kiwanja kizima. Picha za satelaiti zinaonyesha kilichokuwepo na kilichoondoka, na majirani wanaona. Mamlaka ikigundua, mara nyingi haiishii kwenye faini. Inaweza kuamuru ujenzi usimame, inaweza kukuamuru upande mti mwingine palepale ulipokata, na kibali cha ujenzi ulichokuwa unategemea kinaanza kuulizwa maswali. Uingereza tangu mwaka 2015 faini ya kuharibu mti uliolindwa haina kikomo, na mahakama inaruhusiwa kuangalia faida aliyoipata mkataji. Sydney, Australia, halmashauri zimewahi kuweka mabango makubwa na hata makontena pale miti ilipouawa ili watu wapate mandhari ya maji. Mandhari waliyoitafuta ikazibwa palepale. Mtu asiende huko kwa makusudi.

Sasa Mwanakiwanja, kwenye swali lako mimi naogopea kijito kuliko ule mti mkubwa. Ukanda wa kando ya maji karibu kila mahali una masharti yake. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kwingine umbali ni mfupi zaidi, kwingine unategemea upana wa mto. Uliza umbali wa kwenu, kisha upime ardhini, usikadirie kwa macho. Inawezekana kipande kizuri cha kiwanja chako kwa nyuma hakifyekwi hata ukiwa na kibali cha kukata mti wa mbele.

Na kabla ya yote, tafuta bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa na wapima ardhi. Nimeona watu wamefyeka mita kadhaa ndani ya hifadhi ya barabara kwa kuamini uzio wa zamani. Uzio si mpaka. Mti ulio kwenye hifadhi ya barabara si wako hata kama kivuli chake kinalala barazani kwako.

FundiMsumeno

Mimi kazi yangu ni kuangusha miti, nigusie ule wa jirani. Shina likiwa upande wake, mti ni wake. Sheria nyingi zinakuruhusu kukata matawi yaliyoingia kwako hadi usawa wa mpaka, lakini huvuki mpaka, huingii kwake bila ruhusa, na huukati kiasi cha kuua mti. Na kama mti huo una ulinzi wa kisheria, haki hiyo ya kukata matawi inasimama mpaka halmashauri iseme. Shina likikaa juu ya mpaka wenyewe, hapo mnamiliki wote, hakuna anayeamua peke yake. Kaa naye mzungumze, mkikubaliana andikeni karatasi mtie sahihi. Maneno ya mdomo yanasahaulika mti ukishaanguka.

Waya wa umeme usimruhusu fundi yeyote aukaribie. Matawi yaliyo karibu na laini yanashughulikiwa na shirika la umeme, au fundi aliyeidhinishwa nao, laini ikiwa imezimwa. Tawi bichi linapitisha umeme. Huo si mchezo kabisa.

La mwisho kwangu: buldoza siyo chombo cha kuondoa mti mkubwa karibu na unapojenga. Ukiusukuma, unang'oka na shimo ambalo utalijaza udongo mlegevu, kisha unakuja kuweka msingi juu yake. Mti unaangushwa kwa vipande kutoka juu, kisiki kinachimbuliwa au kusagwa, shimo linashindiliwa tabaka kwa tabaka.

BustaniYaMama

Naomba nitetee kichaka, maana watu wanajadili mti mkubwa tu. Kufyeka eneo zima kwa siku moja kwenye ardhi inayoteremka kunaleta hasara ambayo hutaiona siku hiyo. Mvua ya kwanza kubwa itabeba udongo wa juu, ule wenye rutuba, moja kwa moja hadi kijitoni. Maji yatachafuka, wa chini yako watalalamika, na wewe utabaki na mifereji inayotafuna kuelekea msingi. Halmashauri nyingi zinahesabu kufyeka eneo kubwa kuwa shughuli inayohitaji kibali chake, tofauti na cha mti mmoja. Fyeka pale tu nyumba na njia vinapokaa. Kwingine punguza, acha mizizi ishike udongo.

Angalia viota pia. Ujerumani sheria ya shirikisho ya hifadhi ya mazingira inazuia kukata ua wa miti na vichaka kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Septemba kwa sababu ya viumbe wanaozaliana humo. Hata kama kwenu hakuna tarehe, zunguka kichaka kabla mashine haijaingia. Ndege aliye na makinda hana pa kwenda.

Na usichome mabaki ukidhani kibali cha kufyeka kinaruhusu moto. Mara nyingi ruhusa ya moto ni nyingine na ina msimu wake. Matawi yakikatwakatwa ni matandazo mazuri sana ya kufunika udongo ulioachwa wazi.

MjengoTu

Sawa, nimewasikia. Ila kuna mahali mtu anaruhusiwa kusafisha bila kuomba, kwa sababu ya hatari ya moto. Hilo nalo mlisemee.

AfisaMisituMstaafu

Ni kweli, na ni hoja nzuri. Jimbo la New South Wales, Australia, mwaka 2014 lilianzisha utaratibu wa 10/50: kwenye maeneo yaliyotangazwa, mwenye nyumba anaweza kuondoa miti ndani ya mita 10 kutoka nyumba, na vichaka ndani ya mita 50, bila kuomba idhini. Lakini soma vizuri: ni maeneo yaliyotangazwa tu, na nyumba lazima iwepo tayari. Kiwanja kitupu hakimo. Kwingine msamaha upo kwa mti uliokufa au unaotishia kuanguka. Hata hapo, piga picha kabla, acha ushahidi, na toa taarifa. Anayekata kwa msamaha ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba mti ulikuwa hatari, na ukishakuwa kuni huna cha kuonyesha.

Mwanakiwanja

Ahsanteni sana wakuu, mmenifungua macho. Nimempigia mwenye buldoza asubiri. Nimepima mti: mzingo ni sentimita 188, na kutoka shina hadi ukuta wa jiko kwenye ramani ni mita 4. Jirani anasema mti ni mzima na yeye angependa ubaki. Kusema kweli hata mimi nikisimama chini yake naona uchungu kuukata. Je, inawezekana kujenga nao?

MpimaRamani

Inawezekana, na hiyo ndiyo njia ambayo halmashauri itaipenda zaidi. Gawanya mzingo kwa 3.14, unapata kipenyo cha kama sentimita 60. Kiwango cha Uingereza cha kulinda miti wakati wa ujenzi, BS 5837 cha mwaka 2012, kinazidisha kipenyo mara 12. Kwako inatoka mita 7.2 kuzunguka shina, eneo ambalo hutakiwi kuchimba, kumwaga kokoto, kupitisha magari mazito wala kuosha zege. Jiko lako liko ndani ya eneo hilo kwa zaidi ya mita 3.

Mwambie mchoraji ageuze ramani, jiko liende upande mwingine, au nyumba yote isogezwe kuelekea mbele kama umbali wa lazima kutoka barabarani unaruhusu. Kusogeza mistari kwenye karatasi ni rahisi. Ila zungushia mti uzio imara kabla ya lori la kwanza kuingia. Mizizi mingi inayoulisha mti iko kwenye tabaka la juu la udongo, na lori likipitapita hapo udongo unashikamana, mti unakufa polepole huku umesimama. Na kama udongo wenu ni mfinyanzi, mwambie mhandisi kuna mti mkubwa karibu. Mti hunyonya maji na udongo kusinyaa, ukikatwa udongo unavimba, yote mawili yanagusa kina cha msingi.

Mwanakiwanja

Basi mti unabaki, mchoraji namwona. Nimebakiwa na ombi la kufyeka na kukata ile midogo. Niandike nini? Na mwenye buldoza anataka malipo ya awali.

AfisaMisituMstaafu

Andika namba ya kiwanja, ambatisha nakala ya hati, na chora mchoro hata wa mkono: mipaka, kijito, mteremko, nyumba itakapokaa, kila mti unaotaka kuondoa na namba yake, na ile inayobaki. Eleza sababu ya kila mti, usiandike "kusafisha eneo". Sema utapanda nini badala yake na wapi. Kabla ya kupeleka, piga picha za pande zote. Ukipeleka, dai stakabadhi yenye muhuri na tarehe, na kibali kikitoka soma masharti na muda wake wa kuisha, maana vingi vina mwisho. Miti iliyoruhusiwa ipakwe alama ya rangi mkiwa pamoja na afisa.

Malipo ya awali usitoe bado. Kwanza mwandikiane mkataba unaosema ataondoa iliyopakwa rangi tu, mashine haitavuka uzio wa mti mkubwa wala mstari wa kijito, na nakala ya kibali itakuwepo kiwanjani siku ya kazi. Akikataa kusaini hilo, tafuta mwingine.