Fundi kafutia stiki ya oili kwenye kanzu yangu, mbele ya abiria!

Mzee_wa_Mwaloni:

Wakuu habari zenu, mimi zangu mbaya. Mods msije mkauhamishia huu uzi jukwaa la vichekesho, hapa nilipo nahema.

Yule fundi wetu wa pale Kibirizi mnamjua. Simtaji. Yule anayetembea na spana mfukoni hata msibani. Yule ambaye injini zikisikia sauti yake zinazima zenyewe. Leo kanifanyia kitu ambacho hata adui angenionea huruma: KACHOMOA STIKI YA OILI AKAIFUTIA KWENYE KANZU YANGU. Kanzu nyeupe. Siku ya Ijumaa. Imepigwa pasi, nasubiri boti iondoke niende zangu msikitini.

Kosa langu ni kumwambia, tena kwa adabu: fundi, chombo kimepanda mchangani, pua iko juu, mkia uko chini, oili yote imekimbilia nyuma na stiki ya injini hii iko mbele, sasa hapo utasoma nini? Halafu injini imezimwa sasa hivi, oili nyingine bado iko huko juu haijashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili la chini ya injini. Subiri kidogo, tusukume ielee, ndo upime. Akanitazama toka juu mpaka chini. "Mzee, wewe hesabu abiria, mambo ya oili niachie mwenyewe." Akachomoa stiki. Akatafuta kitambaa, hakukiona. Akaniona mimi.

Abiria wote wanatazama. Mama mmoja mwenye madumu ya mawese kasema astaghfirullah, kijana wangu wa nauli kacheka mpaka kakaa chini. Na hakufuta mara moja! Kafuta upande huu, KAGEUZA, kafuta na upande wa pili, taratibu, hana haraka. Mistari miwili myeusi kifuani, mtu angenikuta njiani angedhani nimepandishwa cheo kuwa koplo.

Karudisha stiki, kachomoa, oili imegusa nchani tu. "Unaona? Kavu! Ulikuwa unaua injini wewe." Kafungua galoni, kamimina. Namwambia fundi imetosha. Anasema oili ni baraka, haizidi. OILI HAIZIDI! Anayasema hayo huku kanzu yangu imenuka gereji.

Hatujafika hata Kalalangabo, moshi wa bluu umefunika boti, waliokaa mbele hawawaoni wa nyuma. Oili inatokea kwenye kipumulio, inatokea kwenye sili ya nyuma, chini ya mbao kote ni utelezi. Oili ikizidi kranki inaipiga inakuwa povu, na povu halilainishi chuma, mshale wa presha ukaanza kushuka. Nikasema zima. Tumerudi kwa makasia, abiria wanadai nauli zao, Ijumaa imenipita, na yeye yuko palepale ufukweni anatafuna mgebuka. Nimemwonyesha kanzu. Kanijibu, "Sabuni zipo."

Ushauri mtanipa baadaye. Kwa sasa nisaidieni kulaani.

BintiUjiji:

Siti ya mbele. Weka picha ya kanzu, bila picha hii ni chai.

Mgebuka_Mkavu:

"Akatafuta kitambaa, hakukiona. Akaniona mimi." 😂😂 Nimecheka kazini mpaka bosi kaniuliza kuna nini. Ila mzee, unasimama pembeni ya injini ya dizeli na kanzu nyeupe, ulitegemea upakwe udi?

Mzee_wa_Mwaloni:

Wewe nawe. Kilichoniuma si doa. Kilichoniuma ni kule KUGEUZA. Upande wa kwanza ningesema kapitiwa.

Spana_Mkononi:

Mimi fundi, niko Katonga, huyo jamaa simjui (namjua). Kwenye kufuta hakukosea. Stiki ikitoka mara ya kwanza imetapakaa oili iliyorushwa wakati injini inazunguka, hiyo haisomeki. Unaifuta, unairudisha mpaka mwisho, unaichomoa tena, ndo unasoma. Kilichokosekana ni kitambaa tu.

Mzee_wa_Mwaloni:

KITAMBAA TU???

Spana_Mkononi:

Tulia mzee wangu. Kwanza usiiwashe tena hiyo injini mpaka upunguze. Tafuta pampu ya mkono, pitisha mpira kwenye tundu la stiki, nyonya. Ukiona oili imeanza kuwa nyeupe, kuna maji ndani, hayo ni mengine.

Pili, injini ya ndani haikai sawa hata boti ikiwa majini. Imelala kufuata shafti inavyoshuka kwenda kwenye pangaboi. Alama za kwenye stiki mara nyingi ni za injini iliyokaa sawa, kwa hiyo kwenye boti zinaweza kukudanganya: stiki ikiwa mbele utaona pungufu, ikiwa nyuma utaona imejaa. Dawa yake mwaga oili yote, badili filta, angalia kitabu cha injini kinataka lita ngapi, jaza hizohizo. Washa dakika chache, zima, subiri kama dakika 10 hivi boti ikiwa inaelea na mzigo wake wa kawaida. Pima. Oili ilipofika, piga alama yako kwa tupa. Hiyo ndo ful yako, ya kiwandani achana nayo.

Kusi_Kali:

Kitabu cha injini, Kigoma hii? Injini yangu ilikuja kwa mkono wa tatu, imeshafanya kazi mashine ya kusaga. Kitabu wamefungia vitumbua zamani.

Mgebuka_Mkavu:

Koplo wetu yuko wapi, mbona kimya? Anafua?

Nahodha_Mstaafu:

Ndo maana mimi natumia mashine ya kuning'iniza nyuma, ya kuchanganya. Petroli lita 20, oili mililita 400, hamsini kwa moja, safari. Hakuna stiki, hakuna kugeuziwa upande wa pili. Shida yangu ni kijana wangu. Anachanganya kwa macho, plagi zinajaa masizi, na petroli nikiuliza imekwendaje anasema kusi lilivuma. Kusi gani linavuma ndani ya dumu lenye mfuniko?

Kusi_Kali:

Usinisingizie mkuu 😂

Mzee_wa_Mwaloni:

Jamani turudi kwenye kanzu.

Nahodha_Mstaafu:

Mzee, historia ya oili Kigoma ni ile meli ya Liemba peke yake. Wajerumani walizisiliba injini zake grisi kabla ya kuizamisha mwaka 1916. Waingereza wakaja kuiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Miaka yote hiyo chini ya maji! Wewe galoni moja tu umerudi kwa makasia.

BintiUjiji:

Mnalilia oili, mimi nimeuziwa dagaa nusu yake mchanga. Nimewaosha mpaka mkono umekauka, wakiiva mezani krachakracha. Na muuzaji naye mnamjua, ana kilemba cha njano, mizani yake ina hirizi.

Kusi_Kali:

Huyo wa kilemba! Kaniuzia na mimi. Hao wameanikwa chini. Nunua wa kwenye chanja, hata rangi inang'aa.

Mnyamwezi_wa_Reli:

Sisi Tabora ndo mnatuletea huo mchanga wote. Wazuri mnakula wenyewe, yanayobaki mnasema "mzigo wa Tabora".

Nahodha_Mstaafu:

Bora nyie mnaletewa. Ziwa lilifungwa 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, tukaambiwa samaki wazaliane. Tukakaa nyumbani tunagombana na wake zetu miezi mitatu. Lilipofunguliwa nikajua nitajaza boti.

Mgebuka_Mkavu:

Walizaliana mkuu, ila hawakupewa ramani ya kuja kwako.

Spana_Mkononi:

Usivue mwezi ukiwa mpevu halafu ukalaumu samaki. Taa yako dagaa hawaioni.

Nahodha_Mstaafu:

Fundi wa injini anafundisha nahodha mwezi. Ndo nchi ilipofika.

Mnyamwezi_wa_Reli:

BintiUjiji, ukipata wa chanja nichukulie debe moja, uwape watu wa basi. Shona gunia kwa uzi, usifunge kwa kamba, mara ya mwisho limefika dagaa wamekaa nusu, kamba iko salama.

BintiUjiji:

Njoo PM. Ila asali nataka kwanza, na isiwe ile ya sukari.