Reidi 5 ya diski nne imekuwa nzito kuandika, nianzie wapi?

mpigavideo_jinja:
Wakubwa salamu. Niko Jinja, kazi yangu ni video za harusi na kwanjula (sherehe ya kutambulishana familia), nina desktopu ya Ubuntu yenye diski nne za TB 4 nimeziunganisha kwa mdadm (programu ya Linux ya kuunganisha diski) reidi 5, yaani zinakuwa kama diski moja na moja ikifa data inabaki. Zamani nikikopi faili kubwa ilikuwa inapita MB 200 kwa sekunde bila shida, siku hizi inashuka mpaka MB 12, mara inaganda kabisa, halafu inaendelea, hata kufungua folda ya klipu lazima ungoje. Stima huku inakatika ovyo na betri ya UPS imechoka, sijui kama ndiyo chanzo. Kuna jamaa kaniambia nifute kila kitu nijenge upya, lakini humo mna kazi za watu sijazikabidhi bado. Nisaidieni jamani.

fundi_wandegeya:
Usifute kitu bosi! Piga kwanza `cat /proc/mdstat`. Stima ikikatika ghafla reidi inaweza kuanza kujilinganisha upya yenyewe bila kukuambia, na diski ya TB 4 hata isipoguswa inachukua kama saa 7 au 8 kusomwa yote, ukiwa unaedit juu yake inavuta zaidi. Ukiona neno resync hapo iache imalize ndo upime. Halafu angalia kama kuna mstari wa bitmap, kama hakuna utaiwekea baadaye kwa `mdadm --grow --bitmap=internal /dev/md0`, hiyo inafanya stima ikikatika ilinganishe zile sehemu zilizokuwa zinaandikwa tu, si diski nzima.

mpigavideo_jinja:
Hakuna resync, zote nne ziko [UUUU], yaani ziko hai, na bitmap ipo.

dada_wa_seva:
Basi tafuta diski moja inayowachelewesha wenzake. Reidi 5 kila ukiandika kitu kidogo inasoma data ya zamani, inasoma pariti (hesabu ya kurudishia data diski ikifa) ya zamani, ndo inaandika data mpya na pariti mpya, kazi nne kwa andiko moja, kwa hiyo diski moja ikisuasua wote wanaisubiri na wewe unaona mashine nzima imechoka kumbe tatu ni nzima kabisa. Fungua `iostat -x 2` huku unakopi faili, utazame w_await (milisekunde andiko linazosubiri) na %util (diski imeshughulika kiasi gani). Kisha `smartctl -a` (ripoti ya afya ya diski) kwa kila diski, soma namba 5, 197 na 199. Ya 5 na 197 zikipanda diski yenyewe inakufa. Ya 199 ikipanda mara nyingi ni waya.

Na andika modeli za diski hapa. Kuna zile za SMR ambazo njia za data zinalaliana kama mabati ya paa, ukiandika kwa muda mrefu zinazama. Mwaka 2020 Western Digital walikubali hadharani kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 mpaka 6 ni SMR, na watu walikuwa wamezinunua kwa ajili ya reidi hasa. Kwa hiyo usiamini jina la kwenye boksi, tafuta namba ya modeli.

mpigavideo_jinja:
Modeli nimeangalia, zote si SMR. Lakini diski ya sdc!! Wenzake w_await iko chini ya 20, yenyewe inaruka mpaka 900 na %util 100 muda wote. Namba 5 na 197 ni sifuri, 199 iko 4,316 na nikikopi inaongezeka naiona. dmesg (ujumbe wa mfumo) imejaa "hard resetting link" na "limiting SATA link speed to 1.5 Gbps".

dada_wa_seva:
Umeipata. Data inaharibika njiani, inatumwa tena, ikizidi keneli (kiini cha Linux) inakata mawasiliano na kuanza upya, ndo huko kuganda unakosema. Kopi kwanza kazi za wateja kwenye diski ya nje, reidi si bekapu, na ya 5 ukipoteza diski mbili umemaliza. Kisha zima, chomoa stima, soma seriali namba kwenye karatasi ya diski usije ukagusa nyingine, badilisha waya wa sata. Ukichanganya bandari haina neno, mdadm inasoma UUID (kitambulisho) iliyo ndani ya diski, ila majina ya sda sdb yanaweza kubadilika, kwa hiyo fuata seriali.

mpigavideo_jinja:
Webale nyo nyabo! Ule waya kichwa chake kile kibati cha kufungia hakipo, aliyeniundia mashine alikibana kwa selotepu, na mfuniko wa pembeni ulikuwa unaukunja. Nimeweka mpya. Nakopi MB 230, hakuna kuganda. Ila 199 bado inaonyesha 4,3xx, hairudi sifuri?

fundi_wandegeya:
Hairudi, ni hesabu ya maisha yote ya diski. Muhimu isipande. Ikipanda tena na waya mpya, jaribu bandari nyingine ya madabodi, kisha waya wa pawa.

Ukitaka kuandika kuchangamke zaidi, `echo 4096 > /sys/block/md0/md/stripe_cache_size` ukiwa ruti, hiyo ni akiba ya ramu ya reidi, kawaida iko 256, kwa diski nne inakula kama MB 64 za ramu. Ukiwasha upya mashine inapotea, na kabla ya kuongeza hiyo nunua betri ya UPS.