Mliorudia Earthsea ukubwani, mmekutana na nini?

msomaji_wa_usiku: Wakuu habari za jioni. Hii siriz ya vitabu ya Ursula K. Le Guin niliisoma nikiwa sekondari, na kipindi kile nilikuwa nafuata majoka na uchawi tu basi. Sasa nimeirudia toka mwanzo nimefika cha nne, Tehanu, ambacho zamani kilinishinda kabisa maana Ged, yule mchawi mkuu wa hadithi, kashamaliza nguvu zote kwa kufunga ule mlango wa wafu, karudi Gont kisiwani kwao anachunga mbuzi, hakuna vita hakuna nini. Safari hii ndo kimenishika kuliko vyote, ile aibu ya mtu aliyekuwa mkubwa halafu hana kitu, anajificha hata wageni wasimwone... nyie je?

bintikaskazi: Cha tatu ni cha 1972, Tehanu ya 1990, Le Guin mwenyewe kashafika umri wa sitini hivi. Anarudi kisiwa kilekile ila anakiangalia toka jikoni kwa Tenar, mjane, analea mtoto aliyeunguzwa na ndugu zake mwenyewe. Kule Roke kwenye shule ya uchawi wanawake hawaingii, ukiwa mdogo unapita tu, ukiwa mkubwa unasimama unauliza hivi nani alipanga hivi?

Mzee wa Gati: Mimi rangi. Ged ni kahawia nyekundu, rafiki yake Vetch mweusi kabisa, weupe ni wale wavamizi wa Kargad. Imeandikwa wazi toka kitabu cha 1968 lakini kichwani naona mzungu mwenye ndevu! Hata ile ya TV ya 2004 Ged wakampa mzungu, mwandishi akalalamika hadharani.

kobe_mwendapole: Tehanu bado sijaielewa wakuu, mwisho unakuja ghafla mno. Kwangu kilichopanda ni cha pili, The Tombs of Atuan, kule kwenye mapango ya giza chini ya makaburi anakohudumu Tenar akiwa binti. Watu wanasema Ged kamwokoa Tenar, haya rudia taratibu: jamaa yuko gizani kiu inammaliza, maji anampa nani? Njia za mle ndani anazijua nani? Uchawi wake unazuia dari lisiwaangukie, ila bila yule binti hatoki mtu.

msomaji_wa_usiku: @kobe_mwendapole duh, hilo la maji lilinipita. Sasa nikimaliza Tehanu naweza kuruka zile hadithi fupi za Tales from Earthsea niende riwaya ya The Other Wind moja kwa moja?

bintikaskazi: Usiruke kaka. Ile hadithi ya mwisho humo, Dragonfly, binti anayeitwa Irian anagonga mlango wa Roke. Bila hiyo The Other Wind utaingia hujui huyo Irian ni nani.