Kumwandaa farasi kwa mbio za masafa marefu

Swali
Nina farasi jike wa miaka 6 ambaye kwa miezi 4 namwendesha kilomita 15 mara 3 kwa wiki, na baada ya kusimama mapigo ya moyo wake hushuka chini ya 64 kwa dakika kabla ya dakika 10 kupita. Je, baada ya miezi 2 ataweza kilomita 80?

Jibu la kwanza
Ndugu, moyo wake usikudanganye. Moyo na misuli huimarika ndani ya miezi michache, ilhali kano (nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa) na mifupa yenyewe huhitaji mwaka au zaidi, na farasi wengi huumia katika kipindi hicho ambacho pumzi imetangulia miguu. Ongeza umbali kwanza, kasi baadaye, wala usiongeze vyote viwili katika wiki moja. Asubuhi baada ya safari ndefu, pitisha kiganja nyuma ya miguu ya mbele, kuanzia gotini hadi kifundoni. Ukihisi joto kwenye mguu mmoja tu, mpumzishe hata kama hachechemei.

Jibu la pili
Naunga mkono. Niongeze kwamba jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko damu yake, hivyo akitoka jasho chumvi ya damu haipandi kiasi cha kuamsha kiu, na anaweza kupungukiwa maji bila kuihisi. Mzoeze kunywa njiani.

Muulizaji
Nashukuru sana. Leo nimempapasa, na mguu wa kushoto una joto kidogo. Nimemwita daktari wa mifugo.