Natafuta fonti nene yenye sura ya kalamu za zamani, ya kava ya kitabu

MjukuuWaBibi: Wakuu habari za jioni. Nakusanya hadithi za bibi yangu, kijitabu cha familia tu, kinaitwa Hadithi za Mkwajuni, sasa kwenye kava nataka herufi nene za kizamani kama zimeandikwa kwa kalamu ya wino, nikadanlodi IM Fell nikaipenda sana ila nikibonyeza B kwenye Word inavimba, matundu ya a na e yanaziba, na nilivyoprinti ndo ikawa mbaya zaidi. Tatizo ni printa au fonti?

FundiChapa: Printa haina kosa mkuu. IM Fell haina boldi, yaani herufi nene zilizochorwa hivyo, ina ya kawaida na italiki (ya kulala) basi, kwahiyo ukibonyeza B Word inajitungia unene yenyewe. Afu zile asili yake ni herufi za kuchapia, za madini ya risasi, alizokusanya Askofu John Fell kule Oxford karne ya 17, na Igino Marini alivyozileta kwenye kompyuta aliziacha na kingo zake zilezile za wino uliotambaa kwenye karatasi. Ukizinenepesha tena lazima zizibe. Ongeza saizi tu, B usiiguse.

BiKalamu: Mi naandika kadi za harusi kwa mkono, kalamu yangu ina ncha bapa, mkono ukigeuka mstari unatoka mnene hapa mwembamba pale, na huo ndo uzuri wenyewe, sasa kompyuta ikinenepesha kote kote inaua kila kitu!! Jaribu Almendra ya Ana Sanfelippo wa Argentina, ya bure, ipo Google Fonts, kaichora kwa ajili ya vitabu vya watoto akifuata hati za kale na boldi yake imechorwa kabisa. Ukiona ina madoido mengi, kwenye Windows unayo Palatino Linotype, ya Hermann Zapf, naye alikuwa mtu wa kalamu hasa, jina kalitoa kwa mwalimu wa hati wa Italia wa karne ya 16.

FundiChapa: Nakubaliana na dada. Ila usiipime fonti kwa yale maneno ya Kilatini ya kujazia wanayoonyeshea fonti, Kilatini hakina w na k yake ya kutafuta, sisi kila mstari kwa, wakati, akawa. Andika jina la kitabu chako lenyewe, afu andika ng'ombe uone hicho kialama kinakaaje.

MjukuuWaBibi: Nimeweka Almendra boldi, aisee asanteni sana. Ile kw ya Mkwajuni imetulia, na nimeisogeza mbali bado inasomeka, maana bibi macho yamepungua nguvu na nataka kava aisome mwenyewe. Ndani je, niache IM Fell?

FundiChapa: Iache, ile ya kawaida. Kwa macho ya bibi usishuke chini ya pointi 14.