Kuandaa mashahidi wa shauri la kazi CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi): tupeane uzoefu

Katibu Tawi: Wadau, mtu ana haki yake kabisa lakini mashahidi wanamwangusha. Kila shahidi umwandalie karatasi yake: alikuwa wapi, tarehe ngapi, aliona nini kwa macho yake, nyaraka gani anazitambua. "Nilisikia watu wanasema", futa.

Mama Hesabu: Nakazia.

Wakili wa Kitaa: Kielelezo, yaani nyaraka ya ushahidi, akitoe aliyekiandika, aliyekipokea au anayekitunza. Kukiambatanisha kwenye CMA F.1, fomu ya kufungulia shauri, hakutoshi, lazima shahidi aombe kipokelewe. Barua ya kuachishwa njoo nayo halisi, siyo fotokopi.

Bosi Mdogo: Mkaririsheni mwanzo mwisho asibabaike.

Wakili wa Kitaa: Unapotosha watu. Maswali ya dodoso, yale ya upande wa pili, yanaanzia popote, mkariri akikatishwa katikati amekwisha.

Bosi Mdogo: Na asiyekariri je? Anasahau hata mwaka!

Dereva wa Fuso: Kuna shauri mlinzi aliapa kwamba alimwona jamaa akipitisha saruji getini saa mbili usiku. Kwenye dodoso akaulizwa taratibu: ulikuwa zamu gani? Ya usiku. Akapewa daftari la getini, lililoletwa na mwajiri mwenyewe. Usiku ule saini ni ya mlinzi mwingine. Akaomba maji.

Mama Hesabu: 😂😂 Mifuko mingapi?

Bosi Mdogo: Ikaishaje?

Dereva wa Fuso: Unauliza? Mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha sababu ya kuachisha, na shahidi wake alikuwa huyo huyo.

Wakili wa Kitaa: Ndiyo maana ya dodoso. Jambo usipomdodosa shahidi, unahesabiwa umelikubali.

Katibu Tawi: Turudi kwenye mada. Kupinga kuachishwa kazi ni ndani ya siku 30, madai mengine 60. Umechelewa? Jaza F.2, fomu ya kuomba shauri lipokelewe nje ya muda, uambatanishe kiapo, na humo kila siku ya kuchelewa iwe na maelezo yake. "Nilikuwa naumwa" bila karatasi za hospitali haitoshi. Kwenye uthibitisho mwishoni mwa kiapo taja aya unazozijua mwenyewe na zile ulizoambiwa, na nani kakwambia. Pale unapoapishwa pawe na mahali na tarehe.

Wakili wa Kitaa: Na shahidi asifungue mdomo kabla hajaapa. Mahakama ya Rufani imeshafuta mienendo ya mashauri ya CMA kwa kosa hilo, watu wakarudi kuanza upya.

Bosi Mdogo: Kwa hiyo hata tarehe nisimkaririshe?

Wakili wa Kitaa: Tarehe mkaririshe.